Kijiko cha Habat Soda na Kidonge cha Chuma: Ushahidi Wake Umetoka Wapi?



Mwaka juzi, mwezi wa Shaaban, wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilimkuta amekaa barazani anatafuna udongo. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na akipanda ngazi tatu tu anahema. Nikaomba kadi yake ya kliniki. Wingi wa damu ulikuwa 7.8, wakati mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa nilivikuta chini ya mto, hajavigusa.

"Vinanichafua roho," aliniambia. "Na choo kinakuwa cheusi, naogopa. Mama kanipa habat soda na asali, kijiko asubuhi, kijiko usiku. Hiyo ni sunna, haina madhara."

Mama akadakia kutoka jikoni: "Mwache mwenzio. Nyinyi wa siku hizi mnaamini vya pakiti tu."

Nilinyamaza. Mwenye kumjibu mama yake mbele ya mkwewe ana moyo kuliko mimi. Tena lilikuwapo jambo zito zaidi. Kwetu sisi, kusema kwamba habat soda haitoshi ni kama kuikataa hadithi ya Mtume (S.A.W.), na nani anataka hilo? Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Nilitaka kujua jambo moja: kijiko hiki na kidonge hiki, kila kimoja kimefikaje mkononi mwetu, na nani alikijaribu kabla hatujapewa? Nilichokipata kilinifundisha tiba, na kilinifundisha dini vilevile. Na sehemu kubwa yake imetokea hapahapa visiwani, Pemba.

Safura, maradhi ya rangi

Wazee wetu waliita maradhi ya kukosa damu safura. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na linahusu rangi ya manjano. Hawakuwa na mashine ya kupimia damu, lakini walijua kutazama uso, kope za macho na viganja. Madaktari wa Ulaya wa zamani nao walikuwa na jina lao la maradhi ya wasichana waliopauka na kuchoka, klorosisi, na hilo limetokana na neno la Kigiriki la rangi ya kijani iliyopauka. Hawa na wale wote waliangalia uso wa mwanamke na kuyapa maradhi jina la rangi waliyoiona. Sababu hawakuijua.

Chuma kilianza kama itikadi

Tusidhani kidonge kimezaliwa maabara. Katika karne ya 17, tabibu wa London aitwaye Thomas Sydenham alikuwa akiwapa wasichana hao chenga za chuma zilizolowekwa katika mvinyo. Hakuwa na ushahidi wa kupima. Alichokuwa nacho ni imani kwamba chuma kinaiamsha damu iliyolegea. Ukiangalia vizuri, mwanzo wa dawa ya chuma haukuwa na nguvu kuliko maneno ya bibi yako kuhusu majani ya mtini.

Miaka ya 1740, Mtaliana Vincenzo Menghini alikausha damu, akaichoma hadi ikawa unga, kisha akapitisha sumaku juu yake. Chembe zikanasa. Sasa watu wakajua kwamba ndani ya damu mna chuma kweli. Mwaka 1832 tabibu Mfaransa Pierre Blaud akatangaza vidonge vyake vya chuma, na vikaenea duniani kwa sababu wagonjwa walionekana kupona.

Lakini kuonekana si kuthibitika. Mwishoni mwa karne hiyo baadhi ya mabingwa wakubwa wakasema chuma cha kidonge hakiingii mwilini hata kidogo. Walidai kwamba kinafanya kazi tumboni tu, kwa kunasa salfa ili chuma cha chakula kisiharibike. Mwaka 1893 Ralph Stockman wa Edinburgh aliyajaribu maneno hayo. Baadhi ya wagonjwa aliwadunga chuma chini ya ngozi, ili kisipite tumboni kabisa. Wengine aliwapa dawa inayonasa salfa tumboni lakini isiyo na chuma. Waliodungwa chuma damu yao ilipanda, na waliopewa dawa ile nyingine haikupanda. Hoja ya mabingwa ikaanguka.

Na mwanamke mwenzetu akaongeza fungu lake. Mwaka 1928 daktari Lucy Wills alitoka Uingereza kwenda Bombay, India, kuchunguza wajawazito maskini waliokuwa wakifa kwa kukosa damu. Aligundua kwamba wako ambao upungufu wao hautokani na chuma. Aliwapa Marmite, ile hamira nzito ya kupaka kwenye mkate, na damu yao ikarudi. Kilichokuwamo ndani yake kilikuja kujulikana baadaye kuwa ni foliki, na mwaka 1941 kikapewa jina hilo baada ya kutolewa katika majani ya mchicha wa Kizungu. Ndiyo maana kidonge chako cha kliniki kina vitu viwili pamoja, chuma na foliki. Kila kimoja kimeingia humo kwa safari yake.

Habat soda ina nasaba ndefu zaidi

Sasa tuje kwenye kijiko cha Mama. Habat soda ni kongwe mno. Punje zake zimekutwa hata katika kaburi la Firauni Tutankhamun. Katika karne ya kwanza ya Miladi, Dioscorides, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki, aliitaja katika kitabu chake cha mimea. Alisema inasaidia maumivu ya kichwa, mafua na minyoo. Alisema pia kwamba inafungua hedhi, na kwamba ikinywewa kwa wingi inasemekana huua. Dada mjamzito, irudie sentensi hiyo.

Kisha ikaja hadithi tunayoijua sote, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba ndani ya habat soda mna ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Mimi nimeisikia tangu chuoni, lakini kisa chake kamili nilikuwa sijakisoma. Katika Bukhari, mtu mmoja aitwaye Ghalib bin Abjar aliugua njiani, na watu wakafika naye Madina akiwa bado mgonjwa. Ibn Abi Atiq akaja kumtazama. Akawaambia wachukue punje tano au saba, wazisage, kisha wamtone puani pamoja na mafuta, upande huu na upande huu. Halafu ndipo akaitaja hadithi aliyoipokea kwa Bi Aisha (r.a.).

Tazameni, dada zangu. Mgonjwa alikuwa mmoja na maradhi yake yalikuwa maalumu. Kipimo kilikuwa punje tano au saba, na njia ya kuitumia ilielezwa. Hawakusema ale vijiko viwili kwa siku kwa muda wa miezi mitatu.

Wanazuoni nao hawakuisoma hadithi hii kijuujuu. Al-Khattabi alieleza kwamba tamko ni la jumla lakini makusudio ni mahsusi, yaani maradhi ambayo tabia ya dawa hiyo inayafaa. Ibn al-Qayyim naye akaifananisha na aya inayosema upepo uliangamiza kila kitu, wakati wasomaji wote wanaelewa kwamba ni kila kitu kilichoamriwa kuangamizwa. Ibn Hajar amekusanya maneno haya na ya waliosema kinyume chake katika sherehe yake ya Bukhari. Kwa hiyo aulizaye "ni kwa maradhi gani, na kwa kiasi gani?" hajaikataa hadithi. Anafuata njia ya maulamaa.

Na tusisahau kwamba Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza kwa tabibu wa Thaqif, al-Harith bin Kalada. Kumwendea mjuzi wa tiba nako ni sunna.

Waislamu waliouliza kabla ya wengine

Hapa ndipo nilipojisikia fahari. Tunadhani kupima dawa ni jambo la Wazungu. Al-Razi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba katika kutibu uvimbe wa utando wa ubongo aliwatoa damu kundi moja la wagonjwa na kuliacha kundi jingine makusudi, ili ajue kama kutoa damu kunasaidia. Hivyo ndivyo ushahidi unavyopatikana. Huwezi kujua kidonge kimefanya nini mpaka umwangalie pia asiyekinywa.

Baada yake Ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanun, aliweka masharti ya kuijaribu dawa. Dawa iwe safi, haijachanganywa. Ijaribiwe kwa maradhi moja, si maradhi mawili yaliyochanganyika. Nguvu ya dawa ilingane na nguvu ya maradhi. Muda wa kufanya kazi uangaliwe. Matokeo yajirudie mara nyingi, kwani la mara moja huenda ni bahati. Na ijaribiwe kwa mwanadamu, kwa sababu inayomfaa farasi au simba huenda isimfae mtu.

Nikayapima masharti hayo kwa kijiko cha wifi. Habat soda ilikuwa imechanganywa na asali. Hakuna aliyejua kipimo cha punje. Hakuna aliyerudi kupima damu yake baada ya wiki nne. Ibn Sina asingeukubali huo kuwa ushahidi.

Pemba: kisiwa kilichokifundisha dunia

Sasa msidhani kidonge kimeshinda kwa urahisi. Kisa chake kikubwa kimetokea kwetu.

Miaka ya 1990, watafiti wa Wizara ya Afya ya Zanzibar pamoja na wenzao kutoka nje walipima damu na choo za wanafunzi wa Pemba zaidi ya 3,500. Karibu watoto 62 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Walipotafuta sababu, waliwakuta minyoo ya safura, wale wanaoingilia kwenye ngozi ya miguu mitupu na kwenda kunyonya damu ndani ya utumbo. Waliwahesabia 73 asilimia ya upungufu ulio mkali. Hivyo mtoto aliyepewa chuma bila kutolewa minyoo alikuwa kama mtungi uliotoboka. Wewe unajaza, na mdudu anatoa. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1997.

Likafuata swali jingine. Ikiwa watoto hawana chuma, kwa nini wasipewe wote? Mwaka 2002 likaanza jaribio kubwa Pemba, la watoto 24,076 wenye umri wa mwezi mmoja hadi 35. Kura iliamua nani apate chuma na foliki, nani apate pamoja na zinki, na nani apate kidonge kisicho na dawa. Wazazi hawakujua mtoto wao yumo kundi gani, na waliogawa vidonge hawakujua. Malaria wakati huo ilikuwa kali visiwani.

Agosti 2003 kamati ya usalama ikasimamisha makundi ya chuma. Watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na hatari ya kulazwa au kufariki iliyozidi kwa 12 asilimia kuliko waliopewa kidonge kitupu. Someni tena, mama zangu. Dawa nzuri, yenye historia ya miaka mia mbili na zaidi, iliwadhuru watoto ilipogawiwa kwa kila mtoto bila kuangalia nani anaihitaji. Watafiti wanaeleza kwamba vijidudu vya maradhi navyo vinakihitaji chuma ili vizaliane.

Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu, likapata na matibabu ya malaria, watoto ambao kweli walipungukiwa na chuma walifaidika nacho. Dawa ilikuwa ileile. Mwenye upungufu ilimfaa, na asiye na upungufu, katika mji wenye malaria, ilimtia hatarini. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lilibadilisha maelekezo yake. Uchunguzi wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba palipo na kinga na tiba ya malaria, hatari hiyo haionekani. Zanzibar yenyewe ilianza dawa mseto ya malaria mwaka 2003, kisha vyandarua vyenye dawa vikaenea, na malaria ikashuka sana.

Nikiwaza watoto wale na mama zao wa Pemba, naona deni. Elimu inayomlinda mtoto wangu leo wao ndio waliyoilipia.

Tuweke mizani

Basi tuviweke viwili hivi mbele yetu bila upendeleo.

*Chuma kwa mjamzito.* Mapitio ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio zaidi ya 40 yenye wanawake zaidi ya 43,000. Waliokunywa chuma kila siku walikuwa na upungufu wa damu mwisho wa mimba kwa kiasi cha 70 asilimia chini ya wasiokinywa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki kila siku. Madhara yanajulikana: kichefuchefu, kufunga choo, choo cheusi. Weusi huo ni wa chuma kilichobaki na hauna hatari.

*Habat soda.* Nayo imeingia maabara. Miaka ya 1960 wanasayansi wa Misri walitenga kiini chake, thaimokwinoni. Mwaka 2010 Saudi Arabia walitoa matokeo ya wagonjwa 94 wa kisukari, waliopewa gramu 1, 2 au 3 kwa siku juu ya dawa zao. Gramu 2 zilishusha sukari vizuri, na gramu 3 hazikuongeza faida. Majaribio mengine yameonyesha kwamba inashusha kidogo presha na mafuta ya damu. Hizi ni habari njema, na ni ushahidi wa kweli. Lakini mengi ya majaribio hayo ni ya watu makumi au mamia machache, kwa muda wa wiki au miezi michache. Tena yanahusu sukari, presha na mafuta, na mwenye kukosa damu ana shida nyingine kabisa. Chuma kilichomo katika kijiko cha habat soda ni kidogo sana ukikilinganisha na cha kidonge. Na kwa mjamzito, kuitumia kwa wingi ni jambo la kuogopwa, kwa sababu ya lile la kufungua hedhi ambalo matabibu wamelisema tangu enzi za Dioscorides. Mwenye kunywa dawa za sukari au presha naye amwambie daktari wake, zisije zikashuka kupita kiasi.

Kwa hiyo nikiulizwa "kipi bora?", nasema swali hilo halijakamilika. Bora kwa nani, kwa maradhi gani, kwa kiasi gani? Mama wa miaka 55 mwenye sukari, anayeitia habat soda juu ya dawa zake kwa idhini ya daktari, ana hoja. Mjamzito mwenye damu 7.8 anayeacha kidonge kwa ajili ya kijiko hana, hata akiwa na nia njema.

Nilivyorudi kwa Mama

Nilirudi siku ya Ijumaa baada ya swala. Sikumletea Mama hoja za hospitali. Nilimsomea kisa cha Ghalib bin Abjar, punje tano au saba, puani. Akasikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Imo hivyo katika Bukhari?" Nikamwonyesha. Akakaa kimya, kisha akasema, "Sisi tulipokea maneno tu, mwanangu. Kisa hatukuambiwa."

Tukakubaliana. Wifi atakunywa kidonge usiku anapokwenda kulala, baada ya chakula kidogo, ili kichefuchefu kimkute usingizini. Atakinywa kwa maji ya ndimu au chungwa, maana yanasaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya rangi itakaa mbali nacho kwa saa mbili, kwa sababu chai inakizuia, na sisi watu wa visiwani chai ndiyo maji yetu. Alikuwa ameshapita miezi mitatu ya mwanzo, basi muuguzi akampa na dawa ya minyoo. Habat soda haikufukuzwa nyumbani. Mama anainyunyiza chembe chache juu ya mkate, kama kiungo, na kumtajia Mola wake. Udongo tuliutupa.

Baada ya wiki nne damu ilikuwa 9.1. Alipokaribia kujifungua ilikuwa 10.6. Haijafika 11, lakini mkunga alipoisoma kadi alishusha pumzi. Alijifungua salama mtoto wa kike, alhamdulillah. Huo ni ushahidi wa mtu mmoja tu, na Ibn Sina angeniambia hautoshi. Ndiyo maana nimewaletea na ule wa wanawake 43,000.

Dada yangu unayesoma hii ukiwa na mimba, chukua kadi yako sasa hivi uangalie wingi wa damu. Kama iko chini ya 11, usijitibu peke yako. Ikiwa iko chini ya 7, au moyo unakwenda mbio na pumzi inakatika, usingoje siku ya kliniki, nenda leo. Na kama vidonge vinakusumbua, mwambie muuguzi akubadilishie kiasi au aina. Usivifiche chini ya mto.

Mwenyezi Mungu aliyeiteremsha dawa ndiye aliyetupa na akili ya kuijua. Atuponyee wagonjwa wetu, awafungulie wajawazito wetu kwa wepesi, na awarehemu watoto wa Pemba ambao tumejifunza kwao. Amin.